Somo Lililokaririwa Pamoja na Majibu

Mama Mitumba aliuza nguo sokoni. Ulimsikia kabla hujaiona meza yake. Watoto wake wote walikuwa wasemaji, isipokuwa kitinda mimba. Huyo ukimpigia simu, alisubiri wewe useme, kisha akajibu, "Sawa." Na katika kazi zote za dunia hii, huyo ndiye aliyechagua ualimu! Mama alikuwa hajamaliza kushangaa.

Binti alikuwa chuoni. Sasa alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la nne, katika shule ya karibu. Mkufunzi wa chuo alipokuja kumtazama, alimkuta amekwama mbele ya ubao, machozi yanamlengalenga. Alama hazikutosha. Mkufunzi angekuja mara moja tu tena. Akikwama, angerudia mwaka mzima.

Mama hakutaka hata kusikia habari hiyo. Jumapili akawaita mjomba na kaka mkubwa, akawaketisha kwenye kochi wawe wanafunzi. Binti akasimamishwa juu ya stuli.

"Habari za asubuhi, wanafunzi," alianza. "Leo tutajifunza sehemu za mmea. Mizizi..."

"Sauti!" Mama alifoka. "Unafundisha au unanong'ona? Changamka!"

Binti alipaza sauti kidogo. "Habari za asubuhi, wanafunzi. Leo tutajifunza..."

"Si umeshatusalimu!" mjomba alisema, akacheka hadi akakohoa.

"Habari za asubuhi..."

Mama alijishika kichwa. "Mungu wangu, nipe subira! Mtoto gani huyu? Ukimkatiza kidogo tu, anarudi mwanzo!"

"Hodi!" Alikuwa jirani yao, mwalimu wa darasa lile lile la nne. "Jamani, kuna ugomvi?"

"Karibu, Mwalimu. Njoo umwone huyu. Mimi nimechoka!"

Mwalimu aliichukua karatasi ya somo mkononi mwa binti. Alisoma, akakunja uso.

"Hapa umeandika swali. Na chini yake umeandika jibu la mwanafunzi. Umekariri na maneno ya watoto?"

"Ndiyo, Mwalimu," binti alisema kwa aibu. "Siku ile niliuliza kazi ya mizizi. Mtoto mmoja akasema inamsumbua mbuzi akitaka kuung'oa mmea. Jibu hilo sikuwa nalo. Nikapotea."

"Lakini ni jibu sahihi! Mizizi hushikilia mmea ardhini."

Binti aliitazama tena karatasi. Mwalimu akamshika mkono.

"Shuka kwenye stuli. Na wewe, Mama, kaa kidogo. Mnachanganya mambo mawili. Upole ni tabia yake, si ugonjwa. Woga ni kitu kingine, na woga hupungua. Ila haupungui kwa kumfokea mtu."

"Kwa hiyo nimwache hivi hivi?" Mama aliuliza. Alikuwa amekasirika kweli. "Mwalimu asiyesema?"

"Mwanangu huja hapa mlangoni kwenu na hesabu zake. Nani humweleza?"

"Ni huyu huyu."

"Na anamwelewa?"

Mama alivuta kiti, akakaa.

"Basi sikiliza, binti," Mwalimu aliendelea. "Usilikariri somo. Lielewe. Andika mambo makuu machache tu. Anza kwa swali, kisha subiri. Watoto wakifikiri, wewe unapumua. Fika darasani mapema, uongee na mtoto mmoja mmoja. Jizoeze kwa msikilizaji mmoja, kisha wawili, kisha wengi zaidi. Moyo ukienda mbio, uache uende. Hakuna anayeuona."

Wakaanza hivyo. Binti alimfundisha kwanza mtoto wa Mwalimu, kisha akamwongeza kaka yake, kisha mjomba. Mama aliruhusiwa kukaa karibu, kwa sharti la kufunga mdomo. Alikunja nguo zake kwa hasira, akazikunjua, akazikunja tena.

Siku ya mkufunzi, Mama hakuweza kukaa sokoni. Aliiacha meza kwa jirani yake wa sokoni, akaenda kusimama nje ya dirisha la darasa. Akatega sikio. Kimya. Akachungulia. Binti alikuwa ameinua mmea uliong'olewa pamoja na mizizi yake. Alikuwa amesimama tu, anawatazama watoto.

Mama alishindwa kuvumilia. "Anangoja nini huyu? Si aseme!"

Alidhani amenong'ona. Darasa zima liligeuka, na watoto wakaangua kicheko. Mkufunzi aliinua kichwa. Mama alitamani ardhi immeze. Mwaka mzima wa mwanawe, na yeye ndiye aliyeuharibu!

Binti alivuta pumzi. Akatembea hadi dirishani.

"Mama, naomba utupishe," alisema kwa sauti ile ile ya upole, lakini kila mtu aliisikia. "Tunafikiri." Kisha akawageukia watoto. "Haya, tulikuwa kwenye mizizi. Nani ameona kitu?"

Mikono ikainuka kila upande.

Alama zilitosha, zikabaki. Wiki ile nzima Mama Mitumba hakuwa na wimbo mwingine sokoni.

"Alinifukuza!" alimlalamikia kila mteja. "Mimi, mama yake mzazi! Mbele ya darasa zima, na mkufunzi yupo! Hakutetemeka hata kidogo!"

"Kwani alifaulu?" mteja mmoja aliuliza.

"Alifaulu vizuri sana," Mama alisema, akajifuta macho kwa shati la kuuza. "Lakini si angeniacha nimalize kutazama!"