Adapta Iliyofungwa Kinyume

Mbwa wa Charlene Maki alifungua mdomo kumbwekea mleta barua, na sauti haikutoka. Akafungua tena, shingo ikavimba, manyoya ya mgongoni yakasimama, lakini kilichosikika pale jikoni kilikuwa maji ya bomba tu. Charlene alimpanua taya, akapitisha kidole kooni, akakuta hakuna kitu.

"Rod, mbwa kapotewa na sauti."

"Afadhali," mumewe akajibu kutoka sebuleni. "Mwenzio nafanya kazi huku."

Kazi yenyewe ilikuwa na siku tatu, na Rodney aliifanya kwa magoti, makalio yameelekea mlango, akiitukana televisheni kana kwamba imemkosea yeye binafsi. Mama yake, Irma, alikuwa ametimiza mwaka kaburini. Jumapili kaka zake wangekuja mjini kwao Eveleth kumkumbuka, na Rodney alikuwa amewaahidi kuwaonyesha mkanda wa video wa Krismasi ya mwaka themanini na nane kwenye televisheni mpya, ile pana kama mlango wa gereji. Mkanda ulichezwa na televisheni ndogo ya marehemu, yenye tundu la mkanda tumboni na kioo cha ukubwa wa kipande cha mkate. Nyuma yake zilitoka waya tatu: ya njano ya picha, nyeupe na nyekundu za sauti. Televisheni mpya haikuwa na matundu ya waya kama hizo, ilikuwa na tundu bapa tu. Basi Rodney akanunua adapta, kiboksi cheusi kama kipande cha sabuni, na hapo ndipo ujinga ulipoanzia.

Juu ya kiboksi palichorwa mshale ambao hata mtoto wa chekechea angeuona. Ulionyesha kwamba vitu huingia upande wa tundu bapa na kutokea upande wa waya tatu, yaani kutoka televisheni kubwa kwenda ndogo. Rodney alihitaji kinyume chake.

"Mshale unaelekea kwa mama yako," Charlene alimwambia siku ya kwanza.

"Mshale ni urembo. Waya ni waya, vitu vinajua vyenyewe pa kwenda."

Huyu ndiye aliyewahi kuunga mashine ya kufulia, choo kikatoa maji ya moto mwezi mzima, na bado alisema hivyo bila aibu. Televisheni kubwa iliandika HAKUNA PICHA. Ndogo ikaendelea kuuzungusha mkanda, na taa ya adapta ikawaka.

Jumamosi mchana Charlene alikuwa anapita na kapu la nguo aliposikia mbwa anabweka. Mbwa alikuwa miguuni pake, kimya. Kubweka kulitoka kwenye televisheni ndogo.

Kwenye kioo, Irma alikuwa amekaa peke yake kwenye meza ya Krismasi, sigara mkononi, viti vyote vitupu. Aliinama akatazama chini ya meza, akakunja uso, kisha akainua macho na kuwatazama.

"Mbwa wa nini huyu?" alisema. "Mimi nataka watu."

Charlene aliweka kapu chini polepole. "Rod, mama yako hakuwahi kufuga mbwa."

"Wa jirani labda."

"Anatutazama."

"Anatazama kamera, Charlene." Kisha akashusha sauti, uso umemng'aa kama mtoto aliyepewa pipi. "Ila unajua nini? Jana hakusema hayo. Kila nikiurudisha nyuma anasema mapya."

"Na wewe hukuona ajabu."

"Ni mama yangu."

Charlene akainama kuchomoa waya, na Rodney akamshika kifundo cha mkono. "Usiguse. Utanipotezea nilipofikia."

Charlene alinusa harufu ya mkate wa iliki na ya moshi wa sigara uliopoa, ndani ya nyumba ambayo mapazia yake alikuwa ameyafua mara mbili tangu mazishi. Alipogeuka kumwita bintiye Tess, aliyekuwa na miaka sita na alikuwa akipanga vijiko mezani huku akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, alimwona mtoto akiweka kijiko cha tano na midomo yake ikitamka tano bila kutoa hata pumzi, kisha sita, kisha akasimama na kujishika koo, na kutoka kwenye spika ndogo nyuma ya mgongo wa Rodney ikasikika sauti ya Tess, nyembamba, yenye pengo la jino la mbele, ikiendelea kuhesabu viti vya bibi yake.

"Huyu ndiye," Irma alisema. "Kaa hapa, mwanangu."

Rodney alimtazama mtoto, akaitazama televisheni. "Itarudi tu," alisema.

Charlene alimbeba Tess mpaka jikoni na kumpigia simu Verna Kopecky, mjane mwenye miaka sabini na tisa, aliyetengeneza televisheni za mji ule na mumewe mpaka watu walipoanza kuzitupa badala ya kuzitengeneza. Verna alifika na buti zake za theluji, waya zake ndani ya mfuko wa mkate. Alikiangalia kiboksi kwa muda mfupi.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi," Rodney akasema.

"Umemfungulia marehemu bomba, halafu ukaliacha wazi. Una akili kweli wewe?" Akamgeukia Charlene na kunong'ona. "Si wa kwanza huyu. Sauti zilizonaswa mle tunazirudisha kwa njia sahihi. Lakini nyuma ya mtoto atakuja marehemu mwenyewe, na akiingia humu sebuleni hatoki. Ukisikia sauti ya mtoto imekwisha, vuta waya. Usingoje."

Aliifunika televisheni ndogo kwa taulo. Akatoa adapta yake, yenye mshale unaoelekea kubwa, akachomeka nyeupe na nyekundu. Ya njano akaiacha ikining'inia. "Sura yake hatuihitaji. Sauti inatosha."

Kioo kikubwa kilibaki cheusi. Kwanza spika zake zilibweka, na mbwa akaruka na kubweka mwenyewe. Halafu zikaja namba, kumi na moja, kumi na mbili, na Tess, aliyekalishwa mbele ya kioo mdomo wazi, akazimeza moja moja kama dawa chungu mpaka akakohoa na kusema, "Mama, kunanuka." Na pale pale, nyuma ya kikohozi chake, ukaja mkwaruzo wa kiti kinachosogezwa, nyayo za mtu mzito zikija karibu, karibu zaidi, pumzi iliyojaa moshi, na sauti ikisema, "Rodney, mwanangu, nakuja," ndipo Charlene akazivuta waya zote mbili kwa mkupuo.

Rodney alipiga kelele. Alimsukuma Verna, akachomeka tena adapta yake, waya zote tatu, taa ikawaka.

"Mama, nisikie, niko ha—"

Ikaishia hapo. Alisimama akichezesha midomo, akaketi kwenye kochi kama gunia. Chini ya taulo, sauti yake ikacheka kwa furaha.

"Naweza kumrudisha," Verna alisema kwa sauti ya chini. "Dakika kumi."

Charlene alimtazama mumewe. Alikuwa akiinyooshea kidole adapta, kisha koo lake, kisha Charlene, kana kwamba kosa ni lake.

"Kesho," Charlene alisema.

"Basi kichomoe hiki kiboksi chake. Na mpaka ukichomoe, usitamke neno humu ndani."

Verna akaiacha adapta yake mezani, akaenda zake. Gwen, dada yake Charlene, akaandikiwa ujumbe, akaja kuwachukua Tess na mbwa. Nje giza lilikuwa limeingia tayari, saa kumi na moja na nusu ya jioni, kama kawaida ya Januari huku kaskazini. Charlene alijua la kufanya. Angelifanya akishamaliza vyombo. Saa moja tu ya kimya ndiyo aliyoitaka. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kuipata. Aliosha sahani na vijiko, akakausha bakuli. Kwenye kochi Rodney alipunga mikono, akachoka, akaacha. Kumbe maisha yangeweza kuwa hivi, aliwaza, akajimiminia kahawa.

"Charlene," sauti ya Rodney ikaita chini ya taulo, ile ile ya kila siku, yenye uvivu wa mtu asiyewahi kufungua kabati. "Sukari iko wapi?"

"Kabati la juu, nyuma ya—"