Kavuo na Neema ya Bule

Kila asubuhi, kabla watu wa nyumba ya Mama Victoire mjini Butembo hawajaamka, Kavuo alikuwa ameshachota maji, amefagia uwanja na kuosha sufuria za jana. Esdras, mtoto wa nyumba hiyo, alimtania kwamba akiachwa atafagia barabara mpaka Beni. Kavuo hakucheka. Msichana huyu hakujua kukaa kitako.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Vita vilimtoa kwao Eringeti na kumwacha bila wazazi. Njiani aliomba kulala kwenye nyumba moja, na mwenye nyumba akamjibu kwamba pale hawalishi batu ba bule, yaani watu wa bure, wasio na faida. Neno hilo lilimwingia moyoni likakaa. Tangu Mama Victoire ampokee, aliamini kwamba siku atakayopumzika ndiyo siku atakayofukuzwa.

Jumamosi moja, katika mafundisho ya komunyo ya kwanza, katekista Ananie aliwaambia Kavuo na watoto wenzake kwamba neema ya Mungu ni ya bule. Wenzake waliitikia amina. Kavuo alishtuka. Kama ni ya bule, si basi haina maana? Na kama ina maana, yeye asiye na kitu angeilipia nini? Alirudi nyumbani amevurugika, akaanza kufagia uwanja uliokuwa safi tayari.

Jumatatu malaria ilimwangusha. Alipomsikia Esdras akichukua ndoo kwenda kuchota maji, aliona mambo yake yamekwisha. Alijikokota kutoka kitandani, akafunga nguo zake katika kitenge, akatoka huku anatetemeka. Mama Victoire alimkuta mlangoni, akamuuliza anakwenda wapi.

"Leo sikufanya kazi, mama. Mbele hamujanifukuza, acha niende mwenyewe."

Mama Victoire alihuzunika, na kwa kweli alikasirika kidogo pia. Alimrudisha ndani, akamketisha, akamwekea sahani ya ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Kavuo aliisukuma, akasema hastahili kula, na kwamba hata ile neema ya bule aliyoisema Ananie hana cha kuilipia.

"Sikia, mutoto wangu," Mama Victoire alisema. "Siku ulifika hapa, ulikuwa umefagia wapi? Ulikuya mikono mitupu, na tulikufungulia. Ile ndiyo bule Ananie anasema. Si kitu ya kutupa. Ni kitu mwenyewe anakupa juu ya kukupenda. Neema ya Mungu hawaiuzishi. Unaipokea tu, unashukuru. Kazi iko mingi, utafanya. Lakini utafanya juu uko mutoto wa hapa, si juu unaogopa kurudi barabarani."

Kavuo alilia sana, na hakuna aliyemnyamazisha. Kisha alinawa, akala polepole mpaka sahani ikaisha. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu afike Butembo, aliomba kitu.

"Mama, uniongezee."