Makosa Kwanza, Alama Mwisho

Mzee Ignas, mkaguzi wa waamuzi, alilala kifudifudi katika chumba cha waamuzi, uwanja wa mpira wa Manyoni, fuvu limepasuka kama kibuyu. Damu ilikuwa imefika mlangoni. Kando yake palikuwa na chuma cha bendera ya kona, mvi zimegandia nchani.

Inspekta Melkizedeki alipiga goti, akahesabu majeraha. Saba. La kwanza lilitosha kuua. Sita yalikuwa ya hasira.

"Mashabiki hao, afande," konstebo alisema. Nje, watu wa vijiji viwili vya ujamaa walikuwa wamepasuana kwa mawe tangu mchezo ulipokwisha, hadi polisi wakawatawanya kwa virungu.

Inspekta alichomoa karatasi kwenye mfuko wa shati la marehemu. Ilikuwa fomu ya ukaguzi wa mwamuzi, imelowa damu, lakini ilisomeka. Akaisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

Akamwita Andrea, mshika kibendera.

"Nani alikuwa humu na marehemu?"

"Gasto, mwamuzi wa kati. Sisi washika vibendera tulikuwa nje, hapo dirishani, tunasikia Mzee anamsomea makosa. 'Unakimbia kama ng'ombe mwenye mimba!' Tukacheka mpaka basi."

"Kila mara alikuwa hivyo?"

"Ndiyo desturi yake. Makosa kwanza, alama mwisho. Alisema mwamuzi ukianza kumsifu, masikio yanaziba."

"Alama mlizisikia?"

"Hapana, afande. Mawe yalianza kupiga bati, tukakimbia."

Gasto aliletwa. Alikuwa amekwisha kuoga na kubadili nguo. Filimbi bado ilining'inia shingoni.

"Ndugu Gasto, leo ulikaguliwa mara ya ngapi?"

"Ya tatu. Ya mwisho. Ukifeli, filimbi unairudisha."

"Mzee alimaliza kukusomea?"

"Alimaliza. Nikamshukuru, nikatoka. Nilimwacha mzima."

"Alikupa alama ngapi?"

Gasto alitazama damu sakafuni. "Nne, afande. Niliridhika. Mkubwa akisema umekosa, umekosa."

"Nne?"

"Nne kati ya kumi. Si imeandikwa?"

Inspekta aliifungua fomu, akaishikilia mbele ya macho ya Gasto. Gasto alisoma kwa midomo. *Makosa kumi na mawili, yote yanarekebishika. Alama nane na nusu. Apandishwe daraja la kwanza. Sijakagua mwamuzi bora kuliko huyu.*

Midomo ikasimama.

"Hukuzisikia alama zako," Inspekta alisema. "Aliyemkatiza Mzee ndiye aliyemuua."

Gasto aliruka kuinyakua fomu. Konstebo akamtandika rungu la bega, akaanguka magoti kwenye damu ileile.

"Walinicheka dirishani!" alifoka. "Miaka sita! Kutoka Kinyangiri kwa baiskeli, kuchezesha kwenye mbigili, kupigwa mawe, kutukaniwa mama! Halafu yeye ananifananisha na ng'ombe! Kosa la kumi na mbili aliposema sina moyo wa kusimamia penalti, nikajua nimekwisha. Chuma kilikuwa ukutani. Nikamwonyesha moyo ninao."

"Mara saba."

"Sikuhesabu."

Alianza kugonga paji la uso ukutani, tena na tena, hadi konstebo wawili walipomkamata na kumfunga pingu. Damu yake mwenyewe ilimtiririkia hadi kwenye filimbi.

"Afande," aliuliza kwa sauti ndogo, "alikuwa amebakiza maneno mangapi?"

Inspekta aliikunja fomu.

"Mistari mitatu tu," akasema. "Mtoeni."