Filamu ya Swafia Isiyo na Sauti

Kila Alhamisi baada ya masomo, wanafunzi wa chama cha filamu walibaki katika darasa la gredi ya saba, katika shule moja ya Mji wa Kale, Mombasa. Walifunga madirisha, wakatundika shuka jeupe ukutani, na Mwalimu Jacinta akawasha projekta. Alhamisi hiyo darasa lilijaa hadi mlangoni, kwa sababu filamu itakayoshinda ingepelekwa kwenye tamasha la shule za kaunti. Waamuzi walikuwa wanafunzi watatu: Levi, Sabir na Maisara.

Filamu ya Riyadh ilitangulia. Mbuzi aliiba mahamri, Riyadh akamkimbiza vichochoroni mpaka akaligonga rukwama la maji na kulowa chapachapa. Darasa likapiga makofi, na Maisara akacheka hadi machozi yakamtoka. Akaipa alama saba kati ya kumi.

Ikafuata ya Swafia. Ilimwonyesha mdogo wake Mwanaesha, ambaye ni kiziwi, ametumwa nazi dukani. Tangu mwanzo hadi mwisho haikuwa na sauti. Muuza duka alifungua kinywa, akauliza, akakasirika, na mtazamaji hakusikia neno, kama vile Mwanaesha asivyosikia. Mwishowe mtoto alichora nazi kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani, na muuza duka akatabasamu.

"Sauti imeharibika," mtu alisema, na wengi wakaanza kupiga soga.

Maisara alielewa kuwa ukimya ule ni wa makusudi. Mwili ulimsisimka. Akaandika tisa.

Rafiki yake Sheryl, aliyeketi nyuma yake, alichungulia karatasi. "Tisa? Darasa zima linamtaka Riyadh. Ukituangusha, usije kukaa nasi tena."

Maisara akatazama huku na huku. Kisha akafuta tisa, akaandika tano.

Mwalimu alipojumlisha, Riyadh alishinda kwa alama mbili tu.

Walipokuwa wakitoka langoni, Maisara alimsikia Swafia akisema, "Nitaifuta leo. Nilidhani watu wataelewa. Kumbe hata waamuzi hawakuelewa."

Nyumbani, Maisara alisukuma sahani yake kando. Mamake alipomuuliza ana nini, alieleza yote.

"Kesho utamwambia mwalimu wako kabla ya kengele," mamake alisema. "Lakini kwa Swafia nenda sasa hivi, asije akaifuta."

Swafia aliishi kichochoro cha pili. Maisara alimkuta mlangoni.

"Usiifute," alisema akihema. "Niliielewa. Nilikupa tisa, halafu nikabadilisha kwa kuwaogopa wenzangu. Nisamehe."

"Nimekuwa nikijiona mjinga tangu saa kumi," Swafia alijibu, asimkaribishe ndani. Lakini filamu hakuifuta.

Asubuhi Maisara alikiri kwa mwalimu, na saa sita mchana mwalimu akakiita chama kizima, naye akakiri mbele yao. Sheryl aliinamisha uso. Mwalimu Jacinta alirekebisha alama: Swafia ndiye angekwenda kwenye tamasha. Maisara naye hangekuwa mwamuzi hadi muhula ujao.

Riyadh aliinua mkono. "Mwalimu, karibu wote waliipenda yangu. Kwa nini zawadi isifuate watazamaji?"

"Swali zuri," Mwalimu Jacinta alisema. "Kumchekesha mtu ni kazi ngumu, na wewe umeiweza. Kuanzia sasa kutakuwa na zawadi ya watazamaji, nanyi mtapiga kura wenyewe, wazi. Hiyo ya kwanza ni yako."

Riyadh akatabasamu.

"Lakini mwamuzi," mwalimu aliendelea, akimgeukia Maisara, "hatukumweka atuhesabie makofi. Makofi tuliyasikia sote. Tulimweka aangalie kwa makini, kisha atuambie alichokiona, hata kama ni yeye peke yake aliyekiona. Akiandika asichokiamini, amemdhulumu aliyeshindwa, na aliyeshinda pia hatajua kama alistahili. Umekosea, Maisara, na umerekebisha mapema. Siku nyingine kalamu ikiwa mkononi mwako, andika kile unachokiamini."