Karatasi Nyekundu za Mzee Fung

Koleo lilipogota kitu ndani ya lundo la mchanga, fundi alidhani ni gunia la saruji. Akachimba tena. Ukatoka mguu wa mtu, na kandambili ya bluu bado imeng'ang'ania kidoleni. Fundi alilitupa koleo na kupiga ukelele uliowatoa majirani wa uchochoro mzima na miswaki yao mdomoni.

Inspekta Liang alipofika, mwili ulikuwa umeshafukuliwa. Alikuwa Mzee Fung, mwenye nyumba. Mchanga ulimjaa masikioni na puani. Kisogoni palikuwa na shimo la mviringo, na nyundo ilikuwa imefukiwa kando yake.

"Nyundo ya nani?" Liang aliuliza.

"Ya yule Mwafrika wa ghorofa ya pili!" mafundi walijibu kwa pamoja.

Mahali hapo, Lianwu, palikuwa kijiji kweli zamani. Jiji la Guangzhou lilikimeza, mashamba yakaisha, zikabaki nyumba zilizobanana hata jirani akipiga chafya unampa pole kwa dirishani. Mwaka ule wa tisini na nane ilitangazwa kwamba barabara mpya ingepita hapo. Nyumba zote zingevunjwa, na fidia ingelipwa kwa kila ghorofa yenye kibali. Basi wanakijiji wakashikwa na wazimu wa kujenga. Mwenye ghorofa tatu aliomba ya nne, mwenye nne akaomba ya tano. Mzee Fung alikuwa na tano zilizokaa juu ya msingi wa mbili, na ombi la ya sita lilikuwa ofisini.

Mlangoni alipiga magoti Keung, mwana pekee wa marehemu, akilia mpaka sauti imemkauka. Mlango nyuma yake ulikuwa mtupu, umebaki na alama za gundi mahali palipokuwa na karatasi nyekundu za baraka. Nyumba yenye msiba haikai na chekundu mlangoni. Hilo hata mtoto mdogo wa Guangzhou analijua. Liang alimshika bega akampa pole, na alimwonea huruma kwelikweli.

Joachim, mpangaji wa ghorofa ya pili, walimkamatia soko la Zhanxi akijumua viatu. Alipoingizwa kwenye chumba cha mahojiano na kusikia inspekta wa Kichina akimsalimu kwa Kiswahili, nusura aanguke. Ujana wa Liang ulipita Makambako, akiwa mkalimani wakati reli inajengwa. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani kidogo, lakini kilinyooka.

"Nyundo ni yako?"

"Yangu, afande. Napigilia makasha ya mzigo. Inakaa pale ngazini, kila mtu anaazima."

"Juzi uligombana na marehemu."

"Nilimfokea kwa Kichina changu hiki cha sokoni. Nguzo ya chini imepasuka, afande, mkono unaingia! Na yeye anataka kupandisha nyingine! Nikamwambia, laoban, wewe ndiye bosi wa nyumba, lakini nyumba hii itatuua."

"Ukamwambia pia kwamba kabla hamjafa ninyi, atakufa yeye. Uchochoro mzima umesikia."

Joachim alifumba macho. "Nilisema. Ni hasira tu. Sikumgusa, Mungu ananiona."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Chumbani nafunga mzigo. Peke yangu."

Mambo yalikuwa mabaya. Daktari wa polisi alithibitisha kwamba mzee alipigwa nyundo jana yake jioni, akafukiwa akiwa ameshakufa. Alama za vidole kwenye mpini zilikuwa za nusu ya kijiji. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifike kwa mwendesha mashtaka kesho yake, na adhabu ya kosa lile ilikuwa risasi. Joachim aliijua. 

Liang hakuridhika. Alikwenda ofisi ya ujenzi ya kijiji, akamkuta karani mmoja mama aliyenuna.

"Mzee Fung alikuja jana mchana," alisema. "Alitaka kuliondoa ombi lake."

"Kuliondoa? Katika kijiji hiki?"

"Hata mimi nilishangaa. Nikamwambia nenda kafikiri, ukiwa na akili timamu urudi asubuhi."

"Na sasa je?"

"Sasa mwombaji amekufa, na ombi limekufa naye. Mpaka urithi uje kuamuliwa, nyumba itakuwa imeshavunjwa."

Liang alitoka pale akijiuliza. Kama mzee alikuwa ameghairi, basi Joachim alikuwa amepata alichokitaka. Amuue kwa nini?

Mkabala na nyumba ya marehemu alipanga Mwanakhamis, mfanyabiashara wa Unguja aliyenunua vitambaa. Alimkaribisha inspekta chai, kisha akamsomea.

"Joachim mnamwonea, baba. Mdomo anao, lakini kuku hachinji yule. Na huyu maskini Keung nani atamtizama? Kijana mwema! Leo alfajiri nimeshaswali, nafungua dirisha, namwona anabandua zile karatasi nyekundu za mlangoni. Moja moja, taratibu, na huku analia. N'kasema, huyu leo kakosana na babake."

Liang alitua kikombe.

"Alfajiri? Una hakika?"

"Mafundi hata hawajaja, baba. Kwani vipi?"

 Kwa Mwanakhamis zilikuwa karatasi tu. Liang mwenyewe aliuona mlango mtupu akauona ni sawa, kwa kuwa palikuwa na msiba, na hakujiuliza ulivuliwa lini. Alimkumbuka yule kijana aliyempa pole kwa moyo wote, akaagiza aletwe kituoni.

Jioni Keung aliketi mbele yake.

"Karatasi za mlangoni ulizibandua wewe?"

"Mimi. Baba amekufa."

"Lini?"

"Asubuhi, tulipomkuta."

"Alikutwa jua limeshatoka. Wewe umeonekana ukibandua alfajiri. Nani alikwambia kuna msiba?"

Keung aliinamisha kichwa. 

"Baba alirudi kutoka ofisini akasema ameghairi," alisema hatimaye. "Eti yule Mwafrika amesema kweli, nguzo imepasuka na watu wanalala humo. Nikamwambia, baba, nyumba yenyewe ya kuvunjwa! Isimame miezi miwili tu, tutatajirika! Akasema ataliondoa ombi asubuhi, akanipa mgongo. Nyundo ilikuwa ngazini."

"Na karatasi?"

"Nilikaa nikiutazama mlango. Baba yangu amekufa, na mlango umewaka wekundu kama tuna harusi. Nilishindwa, afande. Mwana gani anamfanyia baba yake hivyo?"

Liang alikuwa amesikia maungamo mengi, ila si kama hili. Mtu aliyempasua baba yake kichwa alikuwa akimwuliza habari za adabu, na alikuwa akiuliza kwa dhati.

Keung alijifuta machozi. "Na ghorofa ya sita? Mimi ndiye mrithi. Bado itahesabiwa?"

"Ombi lilikuwa kwa jina lake. Limekufa naye."

Hapo Keung akaangua kilio, kikubwa kuliko kile cha asubuhi.

Liang alishuka mahabusu mwenyewe akamfungulia Joachim, akamrudishia mkanda na kamba za viatu.

"Hamisha mzigo wako leo," alimwambia. "Nguzo imepasuka kweli."

"Nani kamuua, afande?"

"Mwanawe."

"Yesu! Kwa nini?"

Liang alitafuta namna ya kumpunguzia, akaikosa.

"Mzee alikusikia," alisema. "Alikwenda kuliondoa ombi."

Joachim alikaa sakafuni, kamba za viatu mkononi.