Hasikii Kitu

Jamani, mtu anaweza kurudi nyumbani mzima, mikono miwili, meno yote kinywani, na bado ukaona hajarudi. Dolphine aliligundua hilo kwa kikombe cha chai. Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na nne, pale Kitengela, wiki moja baada ya mumewe Wamalwa kutoka hospitalini. Alikuwa ameanguka kazini kutoka ghorofa ya pili, akavunjika mguu, akalala siku tisa bila fahamu. Sasa yuko mezani. Dolphine akamwekea chai iliyotoka motoni sasa hivi, na kabla hajamwambia apoze, mtu alishakunywa nusu.

"Baba Sheryl! Si utachomeka?"

"Ulimi umechomeka," Wamalwa akajibu kwa upole. "Chai iko moto."

Sasa wewe niambie, nani huongea hivyo? Sisi wote husema nasikia moto, nasikia baridi, nasikia njaa. Na Wamalwa wa zamani ndiye alikuwa hodari wa kusikia! Kila jioni, leo nasikia mgongo unawaka, leo nasikia uvivu, leo nasikia kama tule samaki. Tangu arudi, neno hilo lilikuwa limepotea mdomoni mwake. Tumbo liko tupu. Mguu uko na uchungu. Macho yanataka kufunga. Ungedhani ni makanika anayeeleza shida za gari la mtu mwingine.

Dolphine hakuwa mtu wa kukimbilia uchawi. Alifanya kazi katika maabara ya kliniki moja mjini, damu na mikojo ya nusu ya Kitengela ilipita mikononi mwake, na kwake kisichopimika hakipo. Yeye na mumewe walibishana juu ya hayo mpaka wakacheka. Wamalwa angemwambia, "Sawa, umenionyesha neva, umenionyesha ubongo. Sasa hiyo kusikia yenyewe iko wapi?" Naye angejibu, "Si ndiyo hiyo neva? Hakuna kitu ingine huko ndani, wewe."

Kwa hivyo akampima. Akamdunga kidole kwa sindano, ghafla, akiwa anasoma gazeti. Mkono ulirudi nyuma vile mkono unavyopaswa kurudi.

"Umesikia?" akamwuliza.

"Kidole kimedungwa," akasema Wamalwa.

Damu ilikuwa safi. Akampeleka kwa Daktari Githinji, bosi wake wa kliniki, na Githinji akainua picha ya kichwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Iko sawa kabisa, Dolphine. Anatembea, anaongea, anakumbuka mpaka tarehe ya harusi. Sasa unataka nitafute nini tena?"

Dolphine akairudisha picha kwenye bahasha. Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Jumamosi ile, saa tisa mchana, alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba aliposikia Wamalwa akicheka bafuni. Kile kicheko chake cha siku zote, cha kuishia na kikohozi, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Kisha kikaja tena, sawasawa na cha kwanza, kikohozi pale pale. Kikaja cha tatu. Akasogea dirishani na nguo mbichi kifuani, na harufu ikampiga puani, harufu ya majivu yaliyonyeshewa, ilhali nyumba hiyo ilipikia gesi, na ndani mle sauti ya mumewe ilikuwa ikisema "nasikia", kwanza polepole, halafu kwa kulia, halafu kwa kunong'ona kama mtu aliye na mkewe kitandani, nasikia, nasikia, nasikia, ikijaribu neno kama mtu anayejaribu funguo ngeni kwenye kufuli, na kila ilipokwama ilianza upya bila hasira, bila kuchoka, bila hata kuvuta pumzi.

Akazitupa nguo, akakimbilia kwa Dinah, jirani yake Mmaasai aliyewaletea maziwa.

"Hata mimi niliogopa kukuambia," Dinah akanong'ona. "Juzi nilimsalimia, sopa. Akaitika vizuri, epa. Lakini Mama Sheryl, mdomo ndio uliitika. Hakukuwa na mtu."

Dinah ndiye aliyemleta Kimanzi, Mkamba wa Mashuuru, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye mambo ya majini na mapepo aliyajifunza miaka aliyokaa Mombasa. Alifika kesho yake adhuhuri na ubani kwenye mfuko wa plastiki. Alipofukiza, Wamalwa hakupiga kelele wala kuanguka. Aliketi tu kwenye kochi, mikono magotini, kama mgeni mwenye adabu.

"Umeingiaje nyumba ya mtu?" Kimanzi akauliza.

"Sikuvunja mlango. Nilifunguliwa." Macho yakamgeukia Dolphine. "Siku ya nne walikuja kunyoosha mguu. Dawa ya ganzi ilikuwa imeisha. Daktari akakuuliza, tungoje? Ukasema nini?"

Dolphine akaangalia mlango.

"Mama, jibu," Kimanzi akasema chini kwa chini.

"Nilisema... nilisema wanyooshe. Hasikii kitu."

"Alisikia. Kila mfupa. Alikuita humu ndani kwa nguvu zake zote, mpaka chozi likatoka. Ukalifuta. Ukamwambia nesi, hizo ni neva tu. Mimi nilikuwa napita. Ni mimi peke yangu niliyemwuliza kama anaumwa."

Kimanzi akaongeza ubani, akaita kwa sauti kubwa, "Wamalwa! Mwenye mwili! Rudi kwako!"

Mabega yakashuka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Wamalwa, imekwaruzika, na Dolphine akaijua hata kabla haijamaliza jina lake. Akapiga magoti.

"Nisamehe! Haki ya Mungu sikujua! Rudi, Baba Sheryl, rudi tu!"

"Nilikuwa nasikia mkono wako kwa uso yangu," Wamalwa akasema. "Unanipangusa, na unawaambia wanyooshe. Si mtu mwingine. Ni wewe. Sirudi, Dolphine."

Na akaenda, mwili ukabaki pale kochini. Dolphine akaona hasira imempanda: miaka kumi na moja ya ndoa, na mwanamume anamwachia jini kitanda chake! Amesalitiwa! Kisha akakumbuka ni nani aliyeanza, na hata hasira ikamwacha peke yake.

"Mwenyewe amekataa," Kimanzi akasema. "Huyu nikimtoa, unabaki na maiti. Nimtoe?"

Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka. Sheryl, binti yao aliyekuwa shule ya bweni, angefunga shule wiki ijayo, na barua yake ya mwisho ilijaa baba, baba, baba.

"Mwache," Dolphine akasema.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa walijaa sebuleni na unga na sukari. Mjane hupewa pole. Dolphine alipewa hongera. Rebecca, mwenyekiti wao, akamkumbatia mpaka mifupa ikalia.

"Mungu amekurudishia mume wako mzima!" akapaza sauti. "Semeni amina!"

"Amina," Dolphine akasema.

"Amina," akasema aliyeketi kando yake, akachukua mkono wake na kuubana kidogo, kwa kiasi kile kile ambacho mume huubana. "Nasikia furaha sana."

Alilitamka vizuri kabisa.