Jina la Mwanangu Limefaulu Bila Yeye

"Shamsiya Nadir Abdulghani!"

"Nipo!"

Nyie... niligeuka palepale kumtafuta aliyeitika!

Maana Shamsiya Nadir Abdulghani ni mwanangu wa kumzaa mwenyewe. Na mwanangu alikuwa kasimama ubavuni kwangu, nimemshika mkono, hajafungua mdomo!

Aliyeitika ni binti mwingine. Katoka kwenye mstari wa watahiniwa wa darasa la saba, kavaa sare mpya bado inanukia duka, kaingia zake chumba cha mtihani.

Nikamwangalia vizuri, macho yasije yakanidanganya.

Alikuwa Buthaina. Mtoto wa wifi yangu!

Jamani, niacheni nipumue kwanza, halafu niwaeleze tulifikaje hapo.

Naitwa Nasma. Kijiji sikitaji, ila ukitoka Tongoni ukawa unaelekea Pangani, umeshatupita. Mimi nalima mwani, mume wangu Nadir anafanya biashara ya nazi. Mtoto wetu ni mmoja tu, wa kike.

Tulipomzaa tulimwita Shamsiya. Akaandikishwa shule kwa jina hilo, akafanya mtihani wa darasa la nne kwa jina hilo, akapita vizuri tu.

Alipoingia la tano, akaanza kuumwa. Homa haiishi, chakula hakikai, mtoto kakonda mpaka nikawa naogopa kumwangalia akiwa amelala. Hospitali tumekwenda, vipimo vyote safi. Safi nini, na mtoto anaisha?

Huku kwetu ikifika hapo, wazee wanakwambia neno moja tu. Jina limemzidi. Ni zito, haliwezi. Mbadilishieni.

Tukambadilishia. Ubani ukafukizwa, dua ikasomwa, sadaka ya uji watoto wa madrasa wakanywa. Kuanzia siku ile akawa Ghaliya, na lile la kwanza ikawa marufuku kulitamka mbele yake.

Na akapona! Ni dawa, ni dua, ni jina, mimi sijui na sibishani na mtu. Ninachojua ni kwamba mtoto alianza kula.

Nikaenda shuleni kumwambia mwalimu wake wa darasa.

"Mwalimu, mtoto sasa anaitwa Ghaliya."

"Haina shida, mama."

Akafuta kwenye daftari la mahudhurio, akaandika Ghaliya. Nikarudi zangu kwenye mwani, roho kwatu. Nikajua yameisha.

Kumbe kule kwenye kompyuta, kule wanakokuita "kwenye mfumo", hakuna aliyefuta kitu. Kule alibaki Shamsiya peke yake.

Sasa tuje mwaka jana. Kukaitishwa kikao cha wazazi. Mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Manase, akatangaza taarifa za watoto wote zinahakikiwa kwa ajili ya mtihani wa taifa. Jina, namba ya mwanafunzi, namba ya simu ya mzazi, kila kitu.

Wazazi tukachachamaa! Mmoja anauliza hizo namba za simu zinakwenda kwa nani. Mwingine anauliza kwa nini matokeo ya mitihani ya majaribio yanarushwa kwenye magrupu na majina ya watoto, mtoto akishika mkia kijiji kizima kinamcheka. Mimi mwenyewe nilisimama nikasema, tena kwa sauti! Tukapigiwa makofi, tukaambiwa yatafanyiwa kazi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kama mtoto anaweza kunyang'anywa jina. Nani angewaza?

Baadaye tukaitwa kwenda kuhakiki majina ubaoni. Siku ile maji yalikuwa yametoka mbali, ndiyo siku ya kufunga mbegu za mwani, na maji hayakusubiri. Nikamtuma wifi yangu Mwanasiti, dada yake Nadir. Yeye ni mjumbe wa kamati ya shule, shule ile anaingia kama jikoni kwake.

Akarudi anatabasamu.

"Yumo, wifi. Mwanao yumo."

Nikamwombea heri. Nilimwombea heri, nyie!

Basi, mkesha wa mtihani Ghaliya karudi nyumbani mnyonge.

"Mama, madawati yote yamebandikwa namba. Mimi sina."

"Umemwambia mwalimu mkuu?"

"Kasema nije mapema, atanishughulikia."

Ndiyo maana asubuhi ile nilimsindikiza mwenyewe. Msimamizi akaita majina mpaka akamaliza. Ghaliya halimo. Ila Shamsiya limo, na limeitikiwa na Buthaina!

Na kitu kinachonikata maini mpaka leo ni hiki. Jina lile lilipoitwa, mwanangu aliinua mkono. Miaka yote ile hajaitwa nalo, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe. Halafu akaushusha, akanitazama.

"Mama, kaniita mimi?"

Nikataka kuingia mle ndani. Mlangoni askari kasimama na bunduki yake. Mwalimu Manase akanikimbilia, akanivuta pembeni.

"Mama Ghaliya, tafadhali. Huu ni mtihani wa taifa, usilete vurugu."

"Mwalimu, yule si Shamsiya!"

"Kwenye mfumo ndiye."

"Na huyu wangu ni nani?"

Akampa askari ishara. Mlango ukafungwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa wifi. Nimemkuta barazani anachambua mchele, katulia kama siku nyingine yoyote. Salamu sikutoa.

"Wifi, umemfanya nini mwanangu?"

"Kaa kwanza, Nasma."

"Sikai! Buthaina si alishafanya mtihani kule Mwera akafeli? Si uliniambia anajifunza cherehani?"

"Alifeli, ndiyo. Na kurudia hawaruhusu. Ulitaka akae tu, aje aolewe na umri mdogo vile?"

"Kwa hiyo ukamwibia mwanangu jina?"

Hapo akaweka ungo chini. Akanitazama bila hata aibu.

"Jina mlilitupa wenyewe. Mimi nimeokota tu."

Sikumpiga. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumpiga!

Nikamchukua mwanangu, tukaenda wilayani, ofisi ya elimu. Cheti cha kuzaliwa mkononi, kadi ya kliniki mkononi. Tukapokelewa na dada mmoja mpole. Angekuwa mkali ingenisaidia, ningepata wa kumgombeza.

"Shikamoo," Ghaliya kamwamkia.

"Marahaba, mwanangu." Akabofya bofya kompyuta yake. "Mama, hapa Shamsiya Nadir Abdulghani yupo. Leo yuko kwenye chumba cha mtihani."

"Siyo yeye! Shamsiya ni huyu hapa, sasa anaitwa Ghaliya."

"Ghaliya hayupo."

"Hayupo vipi na kasimama mbele yako?"

"Namwona, mama. Lakini hayupo."

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Kanisikiliza, akashusha pumzi.

"Unaweza kulalamika, ni haki yako. Tutachunguza. Ikithibitika, matokeo ya Shamsiya yatafutwa kwa udanganyifu. Lakini mama, ujue na hili... atakayeandikwa udanganyifu ni Shamsiya. Na kwa cheti ulichonishikia hapo, Shamsiya ni mwanao."

"Na mtihani wake je?"

"Unaendelea sasa hivi. Hakuna mwingine."

Yaani nikishtaki, namchafua mwanangu. Nikinyamaza, namzika. Niambieni nyie, mngechagua lipi?

Tukarudi nyumbani. Nadir kakaa uani anafua nazi, anazitoa makumbi, hakuinua uso. Nikammwagia yote, ya shuleni, ya dada yake, ya wilayani. Nikategemea atupe zile nazi, asimame, akawashe moto kwa dada yake!

Hakusimama.

"Baba Ghaliya, unanisikia? Nakwenda polisi. Liwalo na liwe."

"Usiende."

"Kwa sababu ni dada yako?"

"Usiende, mama Ghaliya. Mwanasiti hakuiba."

"Unasemaje?"

"Jina nilimpa mimi."

Aisee... Nikamshika bega, nikamgeuza anitazame.

"Wewe? Wewe baba yake?"

Akaanza kulia. Nadir, mwanamume ambaye mama yake alipokufa hakutoa chozi mbele za watu!

"Mwalimu mkuu aliniita. Kaniambia kwenye mfumo mtoto ni Shamsiya, na mtihani ataufanya kwa jina hilo au asiufanye kabisa. Ataitwa nalo shuleni, ataitwa nalo sekondari, litaandikwa kwenye vyeti vyake vyote, maisha yake yote. Nasma, lile jina lilitaka kumuua. Umesahau? Tulikuwa tunamgeuza kitandani kama nguo."

"Sijasahau."

"Mwanasiti akaniambia jina nimpe mwanawe, ya shuleni atayamaliza yeye na mwalimu mkuu. Buthaina ana nguvu, atalibeba. Na jina likishapata mtu mwingine, kwa mwanetu halirudi tena. Nikakubali. Nikasema bora nikose mtoto msomi, nisikose mtoto."

"Na mimi hukuniambia?"

"Ungekataa."

Kweli ningekataa. Sijui. Wallahi sijui! Yale maradhi niliyaona kwa macho yangu. Kama mwalimu angeniita mimi, akaniuliza mtihani au uhai, ningemjibu nini? Nilikuja na hasira za kumla mtu mzima, zote zikaniishia mikononi. Wa kumchukia nilimkosa.

Hatukumwona Ghaliya. Alikuwa mlangoni, nyuma ya pazia, kasikia kila neno. Kavua sare yake, kaikunja vizuri, kaiweka juu ya kabati.

Polisi sikwenda.

Miezi ikapita. Siku matokeo yanatoka mimi sikujua hata kama ndiyo siku yenyewe. Niko kwenye mwani, maji ya magoti, Ghaliya yuko mbele yangu anafunga mbegu kwenye kamba. Siku hizi anafunga haraka kuliko mimi.

Simu ikaanza kulia mfululizo.

"Hongera, Nasma!"

"Mashallah, mtoto kichwa!"

"Karamu lini, shoga?"

Kumbe matokeo yamerushwa kwenye grupu la wazazi, majina yote matatu kama kawaida yao. Shamsiya Nadir Abdulghani, amefaulu. Amechaguliwa sekondari ya bweni, huko mkoani. Kwa watu wa mbali wasiojua habari ya Ghaliya, huyo ni mwanangu, na mimi ndiye wa kupewa hongera.

Nikaifunga simu. Ghaliya kashaona.

"Kafaulu, mama?"

"Kafaulu."

"Anakwenda bweni?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akaendelea kufunga mbegu. Halafu akauliza, taratibu, wala hakuniangalia.

"Mama, kwa nini hamkuniuliza? Mimi ningekubali kuumwa."

Nyie... nilipiga magoti mle mle majini. Nimemshika miguu nalia, na yeye mtoto ndiye ananifuta mimi machozi kwa mkono wenye chumvi.

Buthaina keshakwenda shule. Sina kinyongo naye, naye ni mtoto, kafanya alichoambiwa na wakubwa. Alikuja kuaga, kasimama nje ya uzio, "Anti, shikamoo," nami nikaitika marahaba. Nilitaka kumwita kwa jina lake nikashindwa kujua nimwite lipi.

Nadir siku hizi hata chakula hali vizuri. Nyumbani kwetu tunaongea pale tu mtu anapoomba apewe chumvi. Dada wa wilayani kaniambia labda Ghaliya aingizwe kwenye mfumo upya, aanze kama mtoto mgeni, ila huko anahitaji matokeo ya darasa la nne. Na matokeo hayo ni ya Shamsiya. Nimekwenda, nimerudi, nimekwenda tena. Sasa hivi walinzi wa pale wananijua kwa jina, mwanangu hawamjui.

Sijaandika haya mnihurumie. Nimeandika kwa sababu najua humu kuna mzazi aliyembadilishia mtoto jina nyumbani, ubani ukafukizwa, kila mtu akafurahi, na vyeti akaviacha vilevile. Nenda kavibadilishe navyo, kihalali, mapema. Majina yakibandikwa ubaoni, nenda mwenyewe. Usimtume wifi, usimtume jirani, mwani utafunga siku nyingine. Mwambie mwalimu akufungulie hiyo kompyuta, uone mwanao kaandikwa nani na anaitika nani.

Na wewe baba, kabla hujaamua jambo la mtoto kwa kumpenda, mkalishe chini umuulize.

Mwanangu ana miaka kumi na mitatu. Ni mzima kabisa, haumwi hata kichwa. Kesho maji yakitoka tutakwenda naye kwenye mwani.